Kurugenzi ya Njia za Panya

Haya nimehadithiwa na Tsigereda mwenyewe, shoga yangu tangu ujana wetu hapa Addis Ababa, wiki ya pili ya mwaka mpya, tukiwa tunachagua mawe kwenye dengu kibarazani kwangu. Nimeyaandika kama alivyoyasema, isipokuwa vicheko, maana sikujua viandikwe vipi.

Siku ya mwisho ya mwezi wa Nehase, Shirika la Mihuri lilitangazia taifa habari njema. Baada ya utafiti wa kina, ziara ya mafunzo ng'ambo na vikao visivyohesabika, shirika lilikuwa limeunda Kurugenzi ya Njia za Panya. Tangu siku hiyo hakuna mchoraji atakayepita njia ya panya kiholela. Njia zote zitasajiliwa na kupangwa madaraja, na anayetaka kupita ataomba kibali. Wananchi waliombwa wafurahi.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana, na busara yake ni hii. Shirika lile huchora mihuri ya ofisi zote za serikali, na muhuri kwetu ni duara, maandishi yamelizunguka kama kuku waliozunguka mtama. Barua isiyo na duara hilo la zambarau ni karatasi ya kufungia bisi za shayiri. Kazi yenyewe hufanywa kwenye kompyuta, kwa programu ya shirika iitwayo Mesmer. Ni programu nzuri mno. Inachora kwa mistari, si kwa nukta, hivyo muhuri mdogo kama kifuniko cha soda unaweza kuukuza ukafunika ukuta wa kanisa na kingo zake zisichakae. Iliweza kila kitu. Kitu kimoja tu haikukiweza, nacho ni kupindisha maandishi yafuate duara. Katika shirika ambalo halichori kitu kingine ila duara lenye maandishi, upungufu huo ulionekana kuwa mdogo.

Wachoraji waliiomba njia hiyo kila mwaka. Na kila mwaka mafundi wa ghorofa ya nne, wanaoitunza Mesmer, walijibu kwamba iko njiani. Mara wakaleta aina mpya za zambarau. Mara wakaleta kengele inayolia ukimaliza kazi. Maandishi ya duara yakabaki njiani, na wachoraji wakajitafutia pa kupenya.

Tsigereda yeye alikuwa na subira. Aliandika herufi moja, akaiinamisha kidogo, akaisogeza hadi ikae juu ya duara. Kisha ya pili, akaiinamisha zaidi. Kisha ya tatu. Alizigeuza moja moja kama mtu anayewageuza watoto kitandani wasipate kuamka, hadi zile za chini zilizolala kichwa huku miguu kule. Mihuri yake ilikuwa mizuri kuliko yote. Tabu ilikuwa moja: ukiongeza neno, hata liwe dogo namna gani, herufi zote hazina budi kusogea kulipisha, na kila inayosogea inageuzwa upya. Neno moja lilikuwa muhuri mzima. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimevimba kwa maneno ya watu, na alikifunga kitambaa.

Girmachew, aliyekaa meza ya jirani, hakuwa na subira. Yeye alichapa maneno yamenyooka, akayakata kwa mkasi, akayabandika kwenye mdomo wa kikombe cha kahawa, akakipiga picha kwa juu, akairudisha picha kwenye kompyuta na kuichora upya juu yake. Mihuri yake ilinukia kahawa.

Aliyepewa kuiongoza Kurugenzi ni Ato Lakew, yaani Bwana Lakew, mtu wa makamo, suti yake ina mikunjo ya pasi inayoweza kukata mkate. Katika utumishi wake wote hakuwahi kuchora hata mstari. Saini yake mwenyewe alichorewa na Tsigereda, akaikariri. Hilo lilihesabiwa kuwa sifa, kwa kuwa asiyejua njia yoyote hawezi kuipendelea mojawapo.

Siku ya kwanza ya Pagume, ule mwezi wetu mfupi wa kufungia mwaka, Ato Lakew alipita kukagua.

"Hiki ni nini?" akamuuliza Girmachew.

"Kikombe, Gashe," akajibu, kwa neno letu la kumheshimu mwanamume mkubwa.

"Nakiona ni kikombe. Ni cha nani?"

"Cha mke wangu."

"Kwa hiyo mihuri ya Jamhuri inazungushwa kwenye kikombe cha mke wako."

"Anakiosha kwanza, Gashe."

Ato Lakew akatafakari. Akakipa kikombe daraja la pili, kwa sharti kwamba mke wa Girmachew asikinywee bila kutoa taarifa. Njia ya Tsigereda ikapewa daraja la kwanza, ikaitwa Mfumo wa Ugeuzaji wa Herufi kwa Zamu. Tsigereda akashukuru. Alikuwa na lake moyoni na hakutaka ugomvi.

Lake lilikuwa hili. Binti yake Meaza, aliyeolewa Debre Birhan, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na siku ya themanini, ambayo ndiyo siku ya kubatizwa mtoto wa kike, iliangukia mwaka mpya wenyewe. Siku hiyo haisogezwi. Mjukuu wa kwanza alibatizwa bibi yake hayupo, kwa sababu wizara mbili ziliungana wiki hiyo na kuhitaji muhuri. Siku mbili kabla, Meaza alikuwa amepiga simu.

"Mama, yule wa kwanza ulimkuta ameshaota meno. Huyu unasubiri aolewe?"

"Nakuja, mwanangu."

"Ulisema hivyohivyo."

"Safari hii nakuja."

"Mkwe wako kanunua kondoo. Mimi nimemwambia, kondoo tuna hakika naye. Mama, tutaona."

Na kwenda kwake kulizuiwa na kitu kimoja tu: muhuri wa Kurugenzi yenyewe. Ato Lakew alitaka uwe tayari kabla ya uzinduzi, na alitaka uchorwe na mkono wa Tsigereda, si na kikombe cha mke wa mtu. Hakuna ruhusa ya kusafiri hadi uishe.

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Asubuhi ya siku ya pili ya Pagume, Tsigereda aliwasha kompyuta akakuta pembeni mwa Mesmer kitufe kipya kimekaa kimya, hakikupigiwa ngoma wala kengele. Kimeandikwa Zungusha. Akaandika jina la Kurugenzi, akakibonyeza. Herufi zikainuka zote pamoja, zikakimbilia kwenye duara, zikashikana mikono, zikasimama. Akaongeza neno ili azijaribu. Zikasogeleana zenyewe kulipisha. Akalifuta. Zikarudi.

"Girmachew," akaita polepole. "Njoo uone. Usipige kelele."

Girmachew akaja, akaona, akapiga kelele. Kisha akakitazama kikombe kwa huruma.

"Etete Tsige, hii ndiyo ile iliyokuwa njiani?" akauliza. Etete ndivyo tunavyomwita mwanamke aliyetuzidi umri.

"Ndiyo."

"Imechelewa, lakini imekuja na adabu." Akanong'ona, "Kesho uko Debre Birhan, mama. Unakula kondoo."

Tsigereda alikwisha kuanza kufungua kitambaa mkononi, Ato Lakew akaingia. Alitazama duara, akatazama kitufe, akatazama duara tena, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani kwake.

"Nani kairuhusu hii?"

"Wa ghorofa ya nne, Gashe. Tumeiomba miaka yote."

"Mliomba. Sikatai. Kuomba ni haki yenu. Lakini fikirini, jamani. Shirika limeunda Kurugenzi nzima ya Njia za Panya. Kuna mazulia yamekuja. Sasa mnataka njia kuu ipite katikati, panya wangu waende wapi?"

Hakuna aliyejua panya waende wapi.

Kabla ya saa sita katazo lilikuwa ukutani. Kitufe cha Zungusha kilitangazwa kuwa ni njia isiyosajiliwa, kwa hiyo ni ya panya, na kwa kuwa ni ya panya lazima iombewe kibali, na kwa kuwa ni fupi mno haiwezi kupewa daraja. Anayekibonyeza atahesabiwa ameikimbia kazi. Chini ya katazo kulikuwa na nakala ya barua ya waziri iliyoiunda Kurugenzi na kumteua Mkurugenzi, nayo ikasema vyote viwili vitaanza rasmi siku ya uzinduzi, Pagume sita.

Tsigereda akaisoma barua. Akarudia.

"Gashe," akasema, "Pagume ya mwaka huu ina siku tano."

"Nani kasema?"

"Kalenda."

"Kalenda ya nani?"

"Ya ukutani kwako, Gashe. Hiyo uliyoegemea. Siku ya sita huja mwisho wa mwaka wa Luka. Luka alikuwa mwaka jana. Mwaka huu ni wa Yohana." Miaka yetu hupokezana majina ya wainjilisti wanne: Mathayo, Marko, Luka, kisha Yohana.

Ato Lakew akageuka, akaipekua kalenda bila kutaka waone anaipekua. Barua ile, kusema kweli, aliiandaa yeye akampelekea waziri atie saini, na aliinakili kutoka barua ya mwaka jana, siku, mwezi na vyote. Mkurugenzi mwingine angefedheheka. Ato Lakew hakuwa mkurugenzi mwingine.

"Waziri ameandika sita," akasema. "Wewe unataka nimwambie waziri kwamba hajui kuhesabu hadi tano?"

"Hapana, Gashe."

"Basi. Huko nje watu wafanye watakavyo. Ndani ya shirika hili Pagume itakuwa na siku sita. Mwaka mpya tutauingia kesho yake, kwa utulivu."

Tangazo la pili likapigwa ukutani, chini ya la kwanza. Wafanyakazi wakapiga makofi, maana Ato Lakew alikuwa amesimama palepale.

Tsigereda akafunga tena kitambaa chake, akaanza kugeuza herufi moja moja. Alipiga hesabu kwamba akikaza, Pagume nne mchana atakuwa ameshamaliza, na jioni yuko kwa Meaza. Na angemaliza kweli, kama si kahawa.

Ato Lakew alikuwa mtu wa kahawa. Kila mchana alitaka ikaangwe pale ofisini, moshi wake ukifukuta, na watu wakae duru zote tatu, kila moja na jina lake, kwa kuwa ya tatu ndiyo yenye baraka na hakuna muungwana anayeinuka kabla yake. Na kahawa ilimpa mawazo. Siku ya pili ya Pagume jina lilikuwa Kurugenzi ya Njia za Panya. Siku ya tatu mvua ilinyesha, wachoraji wote wakatoka uani kunyeshewa kwa ajili ya baraka, maana mvua ya Pagume tatu kwetu ni takatifu, waliporudi wanatiririka maji wakakuta kahawa iko tayari. Kwenye kikombe cha kwanza ikawa Kurugenzi Kuu. Kwenye cha pili akaongeza Usajili na Uratibu. Kwenye cha tatu akanywa hadi tone la mwisho, Tsigereda akaanza kuwa na matumaini, mara akasema, "Na Uendelezaji."

Siku ya nne hali ikawa hiyohiyo. Kila neno lilizisogeza herufi zote, na kila herufi iliyosogea iligeuzwa upya.

"Gashe, nafasi imekwisha," Tsigereda akamwambia. "Herufi zimekuwa kama viroboto."

"Viroboto wanasomeka?"

"Kwa aliyezoea viroboto."

"Muhuri wenye heshima hausomwi, Weyzero Tsigereda. Unaogopwa."

Girmachew akamwinamia sikioni. "Etete, kibonyeze tu. Nani atajua?"

"Atajua. Unakumbuka nilikuwa naanza kufungua mkono? Macho yake yako kwenye hiki kitambaa. Akinikuta nimekivua, nimeikimbia kazi. Nimebakiza muda mfupi nistaafu, Girmachew. Siwezi kuikimbia kazi sasa, imeshanishika mkono."

Pagume tano, saa saba mchana, alimaliza. Herufi zote zimekaa mahali pake. Mfuko wake wa safari ulikuwa chini ya meza, na ndani yake nguo nyeupe ya mtoto, na mkate mkubwa aliouoka mwenyewe na kuufunga kwenye majani. Akauchapa muhuri kwenye karatasi, akampelekea Ato Lakew, ambaye alikuwa kwenye kikombe cha tatu.

Ato Lakew akauinua kwenye mwanga. Akafurahi, mtu asiseme hakufurahi. Akaunyoosha mkono mbali, akaurudisha karibu.

"Unajua nini kinakosekana?" akasema.

Tsigereda alijua kwamba hakuna kinachokosekana.

"Taifa," akasema Ato Lakew. "Hakuna neno Kitaifa. Mtu atadhani ni panya wa kata. Liweke. Kesho, Pagume sita, saa tatu asubuhi wageni wanaingia, uwe mezani kwangu. Ruhusa yako nitaitia saini baada ya hotuba."

Ofisi nzima ikamtazama Tsigereda. Aliniambia kwamba wakati ule hakumfikiria waziri wala kustaafu. Alimfikiria Meaza amesimama mlangoni pa kanisa asubuhi na mapema, na kasisi anauliza, bibi yake yuko wapi, na Meaza anajibu, yuko kazini.

Akaitazama kalenda ukutani. Akayatazama matangazo mawili chini yake.

"Nimeelewa, Gashe," akasema. "Neno nitaliweka kesho. Pagume sita saa tatu, nitakuwa hapa."

"Hapo umesema kama mtumishi wa umma."

"Nikikosa Pagume sita, Gashe, niandikie barua."

"Nitakuandikia hakika."

"Uiandikie tarehe."

"Nitaiandikia tarehe!" akasema Ato Lakew, akacheka, akaomba kahawa nyingine ingawa ya nne haina jina.

Tsigereda akachukua mfuko wake, akashuka ngazi taratibu, akavuka uwanja ambako mafundi walikuwa wanasimamisha hema la wageni, akampa heri ya sikukuu mzee Bogale, mlinzi wa getini. Kuvuka geti tu akakimbia, ingawa mguu wake mmoja humuuma tangu zamani. Nyuma yake alisikia viatu. Ni Girmachew, kikombe mfukoni.

"Na wewe?"

"Mimi pia nitakuwa hapa Pagume sita, Etete," akasema. "Wallahi, ikifika tu."

Basi kukapambazuka, ikawa Meskerem mosi, mwaka mpya, majani mabichi yametandazwa kila nyumba na nyama zinachemka mji mzima. Debre Birhan kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mtoto alilia alipotiwa majini, akanyamaza alipofunikwa nguo ile nyeupe, na Meaza hakusema neno la kumlaumu mama yake. Alimshika tu mkono wenye kitambaa akauweka mapajani mwake, wakakaa hivyo hadi kondoo akaiva. Baada ya chakula Tsigereda alijilaza kitandani na mjukuu kifuani, wakalala wote wawili, na nani aliyemtangulia mwenzake Meaza hakuweza kusema.

Yaliyotokea shirikani Tsigereda aliyapata kwa mzee Bogale.

Saa tatu kamili Ato Lakew aliingia, suti mpya, hotuba mfukoni. Hema limesimama. Viti vimepangwa, cha mgeni rasmi kimevikwa kitambaa. Hapakuwa na mtu.

"Heri ya mwaka mpya, Gashe," Bogale akamwambia.

"Huku ndani bado," akajibu Ato Lakew.

Wasichana wa mtaani wakaja getini na maua ya manjano, wakaimba wimbo wa sikukuu na kupiga makofi. Ato Lakew akawatokea akawaambia warudi kesho, ndipo mwaka utakapobadilika. Wale wasichana walitazamana, wakacheka hadi maua yakawaponyoka, wakaenda nyumba ya pili. Saa tano akampigia simu naibu waziri. Bogale alikuwa karibu, na naibu waziri ana sauti.

"Mheshimiwa, tunakusubiri kwenye uzinduzi."

"Uzinduzi gani? Lakew, nina kuku mezani."

"Wa Kurugenzi, mheshimiwa. Ni leo, Pagume sita. Na wafanyakazi wote hawakuja. Naomba kibali niwaandikie barua za kukosa kazi."

"Kukosa kazi siku gani?"

"Pagume sita, mheshimiwa."

Ikasikika mifupa ikitafunwa.

"Barua ya waziri inasemaje?"

"Kurugenzi na Mkurugenzi wataanza rasmi Pagume sita."

"Basi barua ya waziri haibadilishwi. Umeisoma vizuri. Subiri Pagume sita."

"Ni lini hiyo, mheshimiwa?"

"Yohana kaondoka usiku. Subiri Mathayo apite, Marko apite, Luka akimaliza utapata siku yako. Mpaka hapo hakuna Kurugenzi, hakuna katazo, na wewe, ndugu yangu, sijui tukuite nani. Tutakutafutia kiti. Heri ya mwaka mpya."

Ato Lakew akaitia simu mfukoni pamoja na hotuba. Kisha akapanda ngazi kwenda kwenye chumba cha wachoraji. Bogale akamkatia kipande cha mkate wa sikukuu, akakiacha kwenye ngazi, akaenda kukaa kwenye kiti cha mgeni rasmi kwa kuwa ndicho chenye mto, na mkate tumboni mwake ukamfumba macho.

Juu kule Ato Lakew alikaa mbele ya kompyuta ya Tsigereda. Kurugenzi hana, cheo hana. Alitaka walau muhuri, na uwe umekamilika, na neno Kitaifa ndani yake. Akajaribu kuigeuza herufi ya kwanza. Ikaruka ikakaa nje ya duara. Akairudisha, ikalala chali. Alihangaika nayo hadi jua likapita upande wa pili wa jengo. Mwishowe akatazama mlangoni, akatazama dirishani, kama mtu anayeiba ndizi kwenye shamba lake mwenyewe, akafungua duara jipya tupu, akabonyeza Zungusha. Akaandika herufi moja kwa kidole kimoja. Akainama kuitafuta ya pili kati ya vitufe, na herufi zetu ni nyingi, na alikuwa hajalala tangu juzi.

Girmachew aliporudi kazini ndiye aliyeukuta muhuri ule kwenye kioo: duara safi, halina hata neno, ila herufi moja tu ikijirudia na kujirudia, imeinama pale panapotakiwa kuinama, imepinduka pale panapotakiwa kupinduka, imekwenda duara zima bila kukosea. Ulikuwa muhuri mzuri kuliko wote uliowahi kutoka kwenye shirika lile, na Ato Lakew aliuchora mwenyewe, kwa paji la uso, alasiri ya mwaka mpya, amelala fofofo.